Kiwanja na Madeni Yake: Mwongozo Kamili kwa Mnunuzi wa Ardhi Mtwara na Lindi

Deni la ardhi halihami na muuzaji. Mwenye kiwanja anaweza kukiuza Naliendele leo na kesho akapanda basi la Dar es Salaam, lakini kodi ya pango ambayo hakuilipa kwa miaka, rehani aliyoiweka benki, mkuza wa bomba, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili yake, unaokatiza nyuma ya kiwanja na mchango wa upimaji ambao hakuumaliza, vyote hubaki palepale zilipo bikoni, yaani alama za mipaka zilizowekwa na mpima. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvitafuta vitu hivyo kabla fedha hazijatoka mkononi, kwa mtu anayenunua kiwanja, nyumba au shamba katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Nimeuandika nikiwafikiria hasa wanaonunua mara tu baada ya malipo ya korosho, kwa sababu huo ndio msimu ambao fedha zipo, madalali wapo na haraka ipo, na haraka hiyo ndiyo inayowafanya watu waruke hatua ambazo zingewagharimu siku chache tu.

Deni linalozaliwa na mradi wa umma

Marekani kuna utaratibu wa siku nyingi wa kutoza tozo maalumu ya maboresho. Manispaa inapoweka lami, njia ya waenda kwa miguu, taa za barabarani au bomba la majitaka, gharama yote au sehemu yake huweza kugawanywa kwa wamiliki wa viwanja vinavyonufaika na mradi huo. Mgawanyo hufuata kipimo kinachotangazwa mapema, kama vile urefu wa upande wa kiwanja unaopakana na barabara, au ukubwa wa eneo. Mwenye kiwanja hulipa kwa mkupuo, au kwa awamu za miaka kadhaa pamoja na riba, na muda wote huo kiwanja chenyewe ndicho dhamana ya deni. Asipolipa, kiwanja huweza kuuzwa, na katika majimbo mengi dai hilo hutangulia hata rehani ya benki. Colombia nayo ina tozo ya aina hiyo tangu mwaka 1921, na sehemu ya barabara za Bogotá na Medellín zimejengwa kwa fedha zake.

Kwetu mambo yamekwenda kwa njia nyingine. Barabara kadhaa za lami za mitaa ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani zilijengwa kupitia mradi wa miji mkakati, TSCP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia ambao mdaiwa wake ni Serikali, na matengenezo ya barabara hutegemea Mfuko wa Barabara, ambao chanzo chake kikuu ni tozo ya mafuta. Gharama haikuandikwa juu ya kiwanja kimoja kimoja. Hata hivyo, mnunuzi asidhani kwamba maendeleo ya umma hayaachi alama juu ya ardhi yake. Hapa alama hizo huja kwa sura tofauti: malimbikizo ya kodi, michango ya urasimishaji wa makazi yaliyojengwa kabla ya kupimwa, vipande vya ardhi vilivyoachwa kwa ajili ya njia, hifadhi za barabara na mikuza ya bomba na umeme. Baadhi ya alama hizo zimo katika daftari la Msajili wa Hati na nyingine hazimo, ndiyo maana ukaguzi hauwezi kufanyika katika ofisi moja tu.

Hatua ya kwanza: fahamu ni ardhi ya aina gani

Kwa sheria zetu, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na imewekwa chini ya Rais kama mdhamini. Mtu binafsi hupata haki ya kuimiliki kwa muda na kwa masharti, na kwa ardhi yenye hati ya Serikali muda huo hauzidi miaka 99. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 husimamia ardhi ya jumla, ambamo mna viwanja vya miji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo husimamia ardhi ya vijiji. Kundi la tatu ni ardhi ya hifadhi, ikiwamo hifadhi ya barabara, misitu na maeneo mengine yaliyotengwa kwa sheria mahususi, na hiyo haiuzwi na mtu binafsi hata kama ameilima tangu enzi za babu yake.

Mwulize muuzaji ana karatasi gani, kisha uisome mwenyewe. Hatimiliki huonyesha namba ya kiwanja, kitalu, matumizi, muda na masharti ya uendelezaji. Barua ya toleo bado si hati. Ni ahadi yenye masharti, na mojawapo ya masharti hayo ni malipo ambayo pengine hayakufanyika. Hati ya hakimiliki ya kimila hutolewa kijijini, na ardhi yake haiwezi kuhamishwa kwa mtu mwingine bila Halmashauri ya Kijiji kuridhia. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa inathibitisha kwamba watu fulani walishuhudia fedha zikibadilishana mikono, na kwa hiyo ina thamani kama ushahidi, lakini haisemi lolote kuhusu madeni.

Uangalifu mkubwa unahitajika pembezoni mwa miji, ambako kijiji cha jana kimegeuka mtaa wa manispaa. Huko unaweza kukuta shamba lililogawiwa na kijiji, likauzwa vipande na ukoo, kisha likaingizwa katika mchoro wa mipango miji bila mwenyewe kufahamu kwamba kipande chake kimepangiwa shule au eneo la wazi. Muuzaji wa namna hiyo mara nyingi hadanganyi, kwa kuwa hakuna aliyemwambia. Ofisi ya mipango miji ya halmashauri ndiyo yenye jibu.

Hatua ya pili: upekuzi kwa Msajili wa Hati

Kama ardhi ina hati, omba upekuzi rasmi. Unahitaji namba ya hati au namba ya kiwanja na kitalu, nakala ya hati yenyewe, na malipo ya ada kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Tangu mwaka 2020 ofisi za ardhi za mikoa zimefunguliwa nchini, kwa hiyo shughuli nyingi ambazo zamani zilimlazimu mtu wa Nachingwea au Liwale kufunga safari ndefu sasa huanzia mkoani kwake.

Majibu ya upekuzi yanapaswa kukuonyesha mambo matatu: nani anatambulika kuwa mmiliki, kama kuna rehani, na kama kuna zuio au amri ya mahakama. Linganisha jina herufi kwa herufi na kitambulisho cha muuzaji. Jina la marehemu likionekana, usizungumze bei mpaka uone barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, kwa sababu mtoto mkubwa au mjane hana mamlaka ya kuuza kwa kuwa tu anaishi ndani ya nyumba hiyo.

Rehani haizuii mauzo moja kwa moja, ila inabadilisha namna ya kulipa. Mwombe muuzaji akuletee barua ya benki inayotaja kiasi cha deni kilichobaki. Kisha sehemu hiyo ya bei iingie moja kwa moja katika akaunti ya mkopo, benki itoe hati ya kuondoa rehani, na hati hiyo isajiliwe kabla ya uhamisho au pamoja nao. Kumkabidhi muuzaji fedha zote ili “akamalizane na benki” ni kumwachia mtu mwingine usalama wa ardhi yako.

Upekuzi huzeeka. Matokeo ya mwezi wa tatu hayakuhakikishii hali ya mwezi wa sita, kwa kuwa katikati mtu anaweza kuweka zuio au benki ikaandikisha rehani. Nashauri ufanye upekuzi mwanzoni, na mwingine siku chache kabla ya malipo makubwa. Ada ya mara ya pili ni ndogo sana ukiilinganisha na bei ya kiwanja.

Hatua ya tatu: kodi na ankara zilizolala

Kodi ya pango la ardhi hulipwa kila mwaka na mwenye hati au barua ya toleo. Isipolipwa hulimbikiza riba, na mdaiwa sugu huweza kufikishwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au kufutiwa miliki yake. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza msamaha wa riba kwa waliokuwa na malimbikizo, jambo linaloonyesha jinsi madeni hayo yalivyokuwa yamezagaa. Kiasi kinachodaiwa huweza kuulizwa katika ofisi ya ardhi ya halmashauri, au kwa simu kupitia menyu ya huduma za Serikali ya *152*00#. Usitosheke na stakabadhi ya mwaka jana pekee; deni linaweza kuwa la mwaka wa nyuma yake.

Kodi ya majengo ni jambo jingine, na watu wengi huzichanganya. Hiyo ya kwanza ni ya ardhi, hii ya pili ni ya jengo. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia ununuzi wa umeme wa LUKU. Mwanzoni ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa shilingi 1,500. Nyumba iliyokaa miezi mingi bila mpangaji wala kununua umeme hulimbikiza deni kwenye mita, na anayekuja kununua umeme baadaye ndiye anayekatwa. Njia rahisi ya kulijua ni kumwomba muuzaji anunue umeme kidogo mbele yako na kusoma ujumbe unaorudi. Ankara ya maji nayo iulizwe kwa namba ya mita katika mamlaka husika, MTUWASA kwa mji wa Mtwara au LUWASA kwa Lindi. Haya ni madogo na hayahitaji maelezo marefu.

Hatua ya nne: mistari ya miradi isiyoonekana ardhini

Hapa ndipo wanunuzi wengi huumia, kwa sababu kiwanja kinaweza kuwa na hati safi, kodi imelipwa, majirani wanakubaliana, na bado nusu yake isijengeke.

Anza na barabara. Chini ya Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 na kanuni zake, hifadhi ya barabara kuu na za mikoa ni mita 60, yaani mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kabla ya hapo ilikuwa mita 45, ambazo ni mita 22.5 kila upande. Tofauti hiyo ya mita 7.5 ndiyo chanzo cha alama za X za rangi mbili ambazo wakazi wa kando ya barabara wanazifahamu vizuri. X nyekundu huwekwa kwenye jengo lililo ndani ya hifadhi ya zamani, ambalo mwenyewe hutakiwa kuliondoa bila fidia. X ya kijani huwekwa kwenye jengo lililofikiwa na upanuzi, ambalo mwenyewe anastahili fidia kabla ya kuondolewa.

Chukua futi kamba na upime mwenyewe. Tuseme unaangalia nyumba iliyo kando ya barabara kuu, na kutoka katikati ya lami hadi ukuta wa mbele ni mita 26. Ukuta huo upo nje ya mita 22.5 lakini ndani ya mita 30. Nyumba inaweza kukaa hapo miaka mingi bila kuguswa, ila hutaruhusiwa kuongeza chumba upande wa mbele, na siku mradi utakapofika, ukumbi wako utakuwa katika orodha ya watakaothaminiwa. Kama umepima mita 20, usinunue kwa matumaini ya fidia. Baada ya kupima, nenda ofisi ya TANROADS ya mkoa ukathibitishe daraja la barabara yenyewe, kwa kuwa barabara nyingi za mitaa na za wilaya ziko chini ya TARURA na upana wa hifadhi zake ni tofauti. Mnunuzi wa maeneo ya barabara ya Mtwara kwenda Newala hadi Masasi, yenye urefu wa kilomita 210 na ambayo imekuwa ikijengwa kwa vipande, aulize pia kama mchoro wa barabara utafuata njia ya zamani au utakata kona. Mwenye shamba lililokuwa mbali na barabara anaweza kujikuta katikati yake.

Bomba la gesi ni jambo la pekee kwa mikoa yetu. Bomba kubwa linalotoka Madimba, Mtwara, hadi Dar es Salaam lilikamilika mwaka 2015, na linapita katika mkuza ambao ujenzi ndani yake hauruhusiwi. Kwa macho, sehemu nyingi za mkuza huo ni nyasi fupi na vigingi vya alama tu, na mgeni anaweza kudhani ni kiwanja kizuri kilichosafishwa. Ukiona uwazi ulionyooka unaokatiza mashamba, uliza ofisi ya TPDC, shirika la umma la petroli na gesi, kabla ya kumwuliza dalali. Njia za umeme mkubwa zina mikuza yake vilevile, na TANESCO ndiyo inayojua upana wa kila njia.

Upande wa bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Anayetamani kiwanja cha kuona maji Mikindani, Msanga Mkuu au kwenye ghuba ya Lindi apime na kipande hicho pia, kisha aulize wapi panaanzia kipimo, kwa sababu maji kupwa na maji kujaa hutofautiana sana katika pwani yetu.

Kuna pia maeneo yaliyotengwa kwa miradi mikubwa. Likong'o, katika Manispaa ya Lindi, ardhi ilichukuliwa kwa ajili ya mradi wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika, na wakazi walilipwa fidia. Mradi wa aina hiyo huamsha biashara ya viwanja katika maeneo jirani, na wapo wanaouza kwa ahadi kwamba “hapa Serikali italipa tu.” Maoni yangu ni kwamba kununua ardhi kwa kungojea fidia ni kamari mbaya. Ardhi ikishathaminiwa, malipo hufuata jina lililoandikwa katika daftari la uthamini, na jengo au mkorosho ulioongezwa baada ya uthamini hauhesabiwi. Mnunuzi aliyefika baadaye hubaki na karatasi ya mauziano huku hundi ikiandikwa kwa jina la muuzaji.

Ikiwa tayari wewe ni mmiliki na wathamini wamefika kwako, hakikisha upo siku ya kuhesabu, hesabu miti yako pamoja nao, mikorosho, minazi na miembe kwa umri wake, na usisaini fomu yenye nafasi tupu. Fidia kamili ina zaidi ya bei ya jengo. Ndani yake mna thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya malazi inayokokotolewa kwa kodi ya nyumba ya miezi 36, gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo kwa umbali usiozidi kilomita 20, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini Na. 7 ya mwaka 2016 imeweka ukomo: fidia isipolipwa ndani ya miezi sita baada ya uthamini kuidhinishwa inaanza kuzaa riba, na isipolipwa ndani ya miaka miwili uthamini huo hupoteza nguvu na hulazimu kurudiwa. Andika tarehe ya uthamini wako na uitunze.

Hatua ya tano: michango ya mtaa na urasimishaji

Katika makazi yaliyojengwa kabla ya kupimwa, wakazi huchangia gharama za urasimishaji: kuchora mpango, kupima, kuweka bikoni na kuandaa hati. Kila mwenye kiwanja hupangiwa kiasi, huchagua kulipa kidogo kidogo, na kamati ya wakazi husimamia. Kwa sura yake, jambo hili ndilo linalokaribia zaidi ile tozo maalumu ya wenzetu, maana gharama ya kazi ya pamoja hugawanywa kwa kila anayenufaika. Tofauti ni kwamba mchango huu hausajiliwi juu ya hati, kwa kuwa hati yenyewe bado haipo. Hata hivyo unamfunga mnunuzi kwa njia nyingine: kazi ya kiwanja chako haiwezi kukamilika mpaka sehemu iliyobaki ilipwe. Kwa hiyo pata kutoka ofisi ya mtaa na kamati ya urasimishaji kauli ya maandishi inayotaja kiwanja, kiasi kilichopangwa, kilicholipwa na kinachodaiwa.

Malipo mengine ya urasimishaji hayafanywi kwa shilingi. Mpango wa mtaa huhitaji njia za magari na mifereji, na kila mwenye eneo huachia kipande cha mbele au cha ubavuni. Muuzaji atakuonyesha mpaka wake wa zamani, uliopandwa michongoma au minazi, ilhali ramani mpya imeukata kwa mita kadhaa. Bei unayolipa inapaswa kufuata ramani. Mpima ardhi akuonyeshe bikoni kwa namba zake, na ukubwa utakaoandikwa katika mkataba uwe ule wa ramani iliyoidhinishwa.

Sasa, mchango gani ni wa haki? Historia ya tozo maalumu ina mafunzo mazuri hapa. Mwishoni mwa karne ya 19, kijiji cha Norwood katika jimbo la Ohio kilipitisha barabara katikati ya ardhi ya mwanamke mmoja, Bi Baker. Baraza la wazee wa mahakama likaamua alipwe dola 2,000. Kijiji kikamtoza yeye peke yake kiasi hichohicho pamoja na gharama za shauri lenyewe, kwa hoja kwamba barabara mpya imempa faida. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa, ikisema kwamba tozo inayozidi kwa kiasi kikubwa faida ambayo ardhi imepata ni sawa na kuchukua mali ya mtu bila fidia. Miongo mingi baadaye, mwaka 1996, wapiga kura wa California walipitisha kanuni kwamba kabla ya tozo kuwekwa, kila mwenye ardhi apelekewe taarifa ya kiasi chake na karatasi ya kura angalau siku 45 kabla ya kikao, na wanaopinga wakizidi, tozo isiwekwe.

Sheria hizo hazitumiki Mtwara wala Lindi, lakini maswali yake yanafaa kuulizwa katika mkutano wa mtaa wowote unaopanga mchango wa barabara, mfereji, bomba au upimaji. Je, kazi hii itakinufaisha kiwanja hiki, au inaunufaisha mji mzima ambao ungepaswa kuigharamia kwa bajeti yake? Mgawanyo umefanywa kwa kipimo gani, na mwenye eneo dogo analipa sawa na mwenye eneo kubwa kwa sababu gani? Wakazi waliarifiwa lini, na muhtasari wa mkutano uko wapi? Fedha zinaingia katika akaunti gani, na zisipotosha au zikibaki itakuwaje? Mzee au mama anayesimama kuuliza haya kwa adabu hapingi maendeleo. Anaulinda mradi wenyewe, kwa kuwa mchango usio na majibu hukwama nusu, na bikoni za nusu hazimpi mtu hati. Malipo yenyewe yafanywe benki au kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya halmashauri, kamwe yasiwe mkononi. Na ukidaiwa asilimia ya bei ya kiwanja kwa ajili ya “muhuri wa mtaa,” omba kuonyeshwa sheria ndogo inayoitaja na stakabadhi ya Serikali.

Hatua ya sita: mizigo ambayo daftari haliijui

Kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, mila za ukoo zimefuata upande wa mama kwa vizazi vingi, na neno la mjomba bado lina uzito juu ya ardhi ya familia hata pale ambapo baba ndiye anayeilima. Kwa hiyo unaponunua shamba au kiwanja cha ukoo, kukaa na baba na watoto wake hakutoshi. Nenda na mtu mzima anayeheshimika, wasalimieni wazee kwa utaratibu wake, mwombe kuonana na mjomba na dada za muuzaji, na muulize waziwazi kama kuna asiyeridhia. Majina na saini zao ziingie katika muhtasari wa kikao. Hatua hii huchukua muda, lakini mgogoro wa ukoo hudumu kuliko deni lolote la kodi.

Mwenzi wa ndoa ni suala la sheria, si la mila pekee. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Ardhi zinalinda nyumba ya familia isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume au mke. Pata ridhaa hiyo kwa maandishi, na kama muuzaji anasema hana mwenzi, apate kiapo kinachosema hivyo.

Kisha kuna mikorosho. Ni kawaida huku mtu kukodisha mikorosho yake kwa misimu kadhaa, au kuchukua fedha mapema kwa ahadi ya kutoa mavuno, biashara ambayo kwa jina la kangomba imepigwa marufuku lakini madai yake hubaki vijijini. Mnunuzi wa shamba anaweza kufika mwezi wa kumi akakuta watu wengine wanaokota. Waulize majirani nani alivuna misimu miwili iliyopita na nani alipulizia dawa. Mkataba utamke kama mazao ya msimu uliopo ni ya nani, na kwamba hakuna mkodishaji mwenye haki iliyobaki.

Hatua ya saba: mkataba, malipo na usajili

Mkataba uandaliwe na wakili, hata kama bei ni ndogo. Utaje kiwanja kwa namba na ukubwa wa ramani, uorodheshe kila deni lililogundulika pamoja na kiasi chake, na useme nani atalilipa na kabla ya tarehe gani. Kifungu ninachokithamini kuliko vyote ni kile kinachoruhusu sehemu ya bei kuzuiwa kwa wakili mpaka stakabadhi za madeni zionekane. Muuzaji mkweli hukubali, kwa kuwa fedha ni zake na anajua zitamfikia.

Kwa ardhi yenye hati, uhamisho hutumia fomu za ardhi Na. 29, 30 na 35, pamoja na uthamini ulioidhinishwa, vitambulisho na picha. Kodi ya pango iwe imelipwa. TRA hutoza kodi ya faida ya mauzo, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, au asilimia 3 ya bei au thamani iliyoidhinishwa, yoyote iliyo kubwa, kwa muuzaji asiye na kumbukumbu za gharama zake. Kwa kawaida huo ni mzigo wa muuzaji, na wanunuzi wengi huubeba kwa sababu tu mkataba haukusema. Ushuru wa stempu ni kama asilimia 1 ya thamani. Baada ya hapo nyaraka hupelekwa kwa Msajili wa Hati, na haki huhama pale usajili unapokamilika. Mpaka siku hiyo muuzaji bado ndiye mmiliki katika daftari, na wadai wake wanaweza kuandikisha dai. Ikiwa usajili utachelewa, omba kuweka zuio lako mwenyewe ili kulinda maslahi yako ya mnunuzi.

Kijijini, maombi hupitia Halmashauri ya Kijiji, muhtasari wa kikao husainiwa, na daftari la ardhi la kijiji hubadilishwa jina. Usiondoke na nakala ya mkataba pekee. Ondoka na nakala ya muhtasari pia.

Ikijitokeza baadaye kwamba deni lilifichwa, anza kwa barua ya madai kupitia wakili. Baraza la Kata sasa hufanya usuluhishi tu, na shauri lenyewe hufunguliwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu kulingana na thamani. Anayeidai Serikali au halmashauri, kwa mfano kwa fidia ambayo haikulipwa, hutoa kwanza notisi ya siku 90. Ukomo wa shauri la kudai kurejeshewa ardhi ni miaka 12, lakini madai ya fedha yanayotokana na mkataba yana ukomo mfupi zaidi, kwa hiyo tarehe ya kila stakabadhi na kila barua inapaswa kuandikwa siku ileile inapopokelewa.